Mawe Ambayo Bupe Hakuyaosha

Kuna harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuinusa. Ni harufu ya kipande cha godoro kilicholowa kwa miezi, ikachanganyika na ya mawe yenye utelezi na ya maji ambayo viumbe wameishi ndani yake muda mrefu. Si uvundo. Inakaribia harufu ya udongo wa chini ya migomba mvua inapokatika kidogo kabla haijaanza tena, maana kwetu Tukuyu mvua haiishi, hupumzika tu. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na minne, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya sebule yetu. Wageni waliingia wakafinya pua. Sisi watatu, mimi na mdogo wangu Bupe aliyekuwa na miaka tisa, na kitinda mimba wetu Lusajo aliyekuwa hajaanza shule, tulikuwa tumeizoea kiasi cha kutoisikia. Siku nilipoiondoa kwa mikono yangu mwenyewe, niliona nimefanya kazi njema kuliko zote nilizowahi kufanya.

Harufu hiyo ililetwa na baba. Alikuwa dereva, na ule ulikuwa wakati wa ruksa, watu binafsi walipoanza kuachiwa wauze na kununua wanachotaka. Maduka ya Tukuyu ambayo tuliyajua kwa rafu tupu yalijaa ghafla sabuni za kunukia, ndala za rangi, betri na marobota ya mitumba. Katikati ya vurugu hiyo akatokea mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam mwenye kibali cha kupeleka nje samaki wadogo wa rangi, wale wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa kule Matema. Wengine wa buluu kama wino, wengine wa manjano, wengine wenye milia. Hawakuwa samaki wa kula. Baba alitueleza kwamba huko waendako watu huwaweka sebuleni na kuwatazama. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Kumtazama tu? Samaki? Bila hata ndizi pembeni?"

Safari ya kutoka ziwani hadi Dar ilikuwa ndefu, na samaki walifika wamechoka. Kwa hiyo bosi akaagiza wapumzike kwetu kwa majuma machache. Fundi akatengeneza tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Ikaja pampu ndogo ya kupuliza hewa, na taa ya umeme ya kuning'inia karibu na kioo ili maji yasipoe, maana samaki wa ziwani hawauwezi ubaridi wetu. Hewa ya pampu ilivuta maji yakapita kwenye kipande cha godoro, kikanasa takataka. Mawe aliyaokota baba mwenyewe kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, yale mepesi yenye matundu ambayo wanawake husugulia visigino. Kwanza yalielea, tukayafunga kamba na kuyazamisha siku nyingi mpaka yakakubali kukaa chini. Baada ya miezi yakaota utelezi wa kahawia, na kioo nacho kikaota ukijani pembeni. Baba hakuuondoa. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni uvivu wa kiume.

Baba alifariki wakati wa mvua kubwa. Mama akamfuata kabla mwaka haujazunguka. Ugonjwa sikuambiwa, nami sikuuliza. Ninachokumbuka ni kwamba mama alikuwa amesharudi kutoka hospitali, ameshaanza kula, ameshamsuka Bupe nywele uani, na siku chache baadaye akaondoka.

Msiba ulipoisha, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo, aliyekuwa akilima ndizi Masukulu, alizungumza taratibu kama mtu anayepanga kuni. Bupe angekwenda kwa shangazi kule Suma. Lusajo angekwenda kwake Masukulu. Mimi ningekwenda Kisondela kwa mama mkubwa. Hakuna aliyesema vibaya. Lakini nilikuwa nimemsikia mama mara nyingi akisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nilipowatazama wadogo zangu niliona kamba tatu katika vijiji vitatu. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la sita ili nimuuguze mama, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza. Nikauliza, "Na samaki je?"

Aliyejibu ni Sefu, kijana wa Tanga aliyechukua usukani wa gari baada ya baba. Alikuwa amekaa mlangoni amejikunyata ndani ya makoti mawili. Siku zote alilalamika kwamba tunaishi ndani ya friji. Alisema bosi yuko tayari kuendelea na nyumba ile ile. Mtu akiwatunza samaki vizuri, yeye Sefu ataleta unga, mafuta na mahitaji mengine kila anapopita. Baba mdogo akanigeukia. "Sawa, Tusa. Kazi ikiwepo, mtakaa. Siku samaki wakiisha, watoto wanakwenda. Tumeelewana?" Nikapiga magoti nikasema, "Ndaga, baba." Asante ya Kinyakyusa ni fupi, lakini siku ile nilihisi nimetia saini kitabu kizima.

Tulikaa hivyo miezi kadhaa, kisha ukaja mzigo wenye ugonjwa. Samaki waliteremshwa wakiwa na kitu kama pamba kwenye mbavu, na mikia imechanika kama kanga kuukuu. Baada ya siku mbili waliokuwa wazima nao wakaanza. Sefu alikwenda kwenye duka la dawa, moja ya yale yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona, akarudi na vidonge vya rangi mbili, vile tulivyokunywa kwa jipu, kikohozi na tumbo. "Binadamu anapona, samaki atashindwaje?" alisema. Akavifungua kimoja kimoja na kumwaga unga ndani ya tangi. Maji yakawa kama chai ya rangi, yakatoa povu. Akaniambia nirudie dozi kwa siku tano, akapanda gari akaenda zake.

Dawa ilifanya kazi, na hilo nalisema ili haki itendeke. Siku ya tano pamba ilikuwa imedondoka, mikia imeacha kuchanika, na samaki ishirini na mmoja waliobaki walikuwa wakila. Ndipo nilipofanya nilichofundishwa. Kwetu, msiba ukiisha nyumba haiachwi ilivyo. Majani ya migomba waliyolalia waombolezaji yanafagiwa na kutupwa, majivu yanazolewa, nguo zinafuliwa, sakafu inakandikwa upya. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara mbili mwaka ule, mara ya baba na mara ya mama, na nilikuwa hodari. Nikalitazama tangi lile lenye maji ya chai na utelezi wa miezi, nikaliona ni nyumba iliyotoka msibani ikabaki haijafagiwa.

Niliwahamishia samaki kwenye beseni. Nikamwaga maji yote. Kioo nilikisugua kwa majivu hadi kikalia. Kipande cha godoro nilikifua kwa sabuni ya unga, nikakisuuza mara sita, nikakianika uani. Changarawe nilizichemsha kwenye sufuria kama maharage. Mawe ya baba niliyajaza kikapuni, nikampa Bupe pamoja na brashi ayapeleke kwenye mfereji, nikamwambia, "Sugua mpaka yang'ae. Yakikataa kutakata, yatupe, tutaokota mengine." Alirudi baada ya muda mrefu sana, ameloa mwili mzima, mikono mitupu. "Yamekataa, dada. Nimeyatupa." Sikumgombeza. Nilikuwa nimeshaokota mawe laini ya mtoni, nimeyachemsha nayo, nimeyapanga vizuri kwa ukubwa wake. Nikajaza maji mapya na kuyapasha moto kidogo kwa birika. Sebule ikanuka sabuni. Tulikaa sote watatu kwenye mkeka tukitazama maji ambayo kama si samaki kuelea ungedhani tangi ni tupu.

Siku ya tatu samaki walipanda juu. Walisimama chini ya uso wa maji wakitweta kama watu waliopanda mlima, mashavu yao yamekuwa mekundu. Siku ya nne alikufa wa buluu mkubwa, bila jeraha na bila pamba. Kesho yake wakafa watatu. Nilifikiri maji hayajawa safi vya kutosha, nikayabadilisha yote na kusugua kioo upya. Wakafa wengine watatu. Nikabadilisha tena. Nilichunguza maji kwenye glasi mbele ya dirisha, nikayanusa, nikayaonja. Yalikuwa matamu kuliko tuliyokuwa tukinywa sisi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: walipokuwa wagonjwa kwenye uchafu waliishi, na walipopona kwenye usafi walikufa. Lusajo ndiye aliyewazika chini ya migomba, kila mmoja na kijiti chake. Akaniuliza, "Dada, mbona wanakufa wakati wameshapona?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Kama mama."

Nilikwenda jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jumapili baba mdogo alikuja na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa, kama alivyofanya kila alipokuja, maana hakuwa mtu mbaya. Aliwakuta samaki kumi na wawili, na akavikuta vile vijiti tisa chini ya migomba. Akasimama hapo kwa muda, kofia mkononi. "Mwanangu, umejitahidi," alisema. "Hata mkubwa hushindwa. Jumapili ijayo nitakuja na shangazi yako." Hakutaja wanakuja kufanya nini. Afadhali angefoka. Ningejua namna ya kumjibu.

Sefu alifika Jumatano. Alitazama tangi, akatazama samaki wale waliokuwa wakitweta, wakati huo wamebaki kumi, akajikuna kichwa. "Maji masafi hivi! Hata mimi ningehamia humu." Utani ulipokosa wa kucheka, akasema twende posta tukampigie bosi. Tulikwenda sote wanne. Sisi tulisimama nje ya kibanda cha simu, na kwa kuwa Sefu aliamini Dar ni mbali mno kusikia sauti ya kawaida, posta nzima ilisikia.

"Ndiyo bosi, wamepona! ... Hapana bosi, wanakufa! ... Nasema wamepona halafu wanakufa! ... Eeh, tumeosha. Tumeosha kila kitu. ... Wadudu? Wadudu wote tumewaua bosi, hakuna wasiwasi! ... Haloo? ... Tuwarudishe? ... Bosi, tumewaua kwa makusudi! ... Wema? Wadudu gani hao wema?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alinong'ona, "Mwe! Huyo wa Dar amelewa saa nne hii." Sefu alitoka akiwa na jasho licha ya makoti yake, akatueleza alivyosikia. Samaki, alisema, hukojoa ndani ya maji anamoishi, na mkojo huo ni sumu hata kama macho hayauoni. Katika utelezi wa mawe na wa godoro wanaishi wadudu wadogo wasioonekana ambao hula sumu ile. Dawa iliwaua pamoja na ugonjwa, maana dawa haichagui. Na waliosalia, waliojificha ndani ya matundu ya mawe, tumewamaliza kwa sabuni na maji ya moto. "Anasema tutafute mawe ya zamani ambayo hayakuoshwa, tuyarudishe. La sivyo itachukua majuma mengi, na hawa hawatayafikisha."

"Hakuna," nikasema. "Nilichemsha kila kitu. Ya baba Bupe aliyatupa."

Bupe alikuwa akichora sakafu ya posta kwa kidole cha mguu. "Sikuyatupa," alisema. "Wala sikuyaosha. Yako kwenye mfereji, na kikapu chake."

Sefu alicheka, akampiga Bupe kibao chepesi cha mgongo akamwita malkia wa wavivu. Mimi sikujua nimchape au nimkumbatie. Tulikimbia. Kikapu kilikuwa kimenasa chini ya magugu, pale maji ya bomba la kijiji yanapopita, na mawe yalikuwa na utelezi wake ule ule, yamelala kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Niliyanusa. Ilikuwa harufu ya sebule yetu.

Lakini kuyarudisha kulinishinda kwa dakika kadhaa. Nilipiga magoti mbele ya tangi lile linalong'aa, jiwe chafu mkononi, na kila nilichofundishwa na mama kilinishika mkono. Nilikuwa najiuliza ni wadudu gani hao ambao hakuna aliyewaona, anayewasema hakuwaona, na sisi tuwape nyumba. Hatimaye Lusajo ndiye aliyechukua jiwe la kwanza akalitumbukiza, maji yakachafuka wingu la kahawia, na nikaona sasa hakuna cha kulinda tena. Tukayaweka yote. Bosi alikuwa ameagiza pia kwamba chakula kiwe punje chache tu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kila siku nipunguze maji kidogo na kuongeza mapya kidogo, nisiyamwage yote. Na zaidi ya hapo nisiguse kitu. Hilo la kutogusa ndilo lilikuwa gumu. Nilikuwa mtu wa kazi. Nilifua nguo zilizokuwa safi, nikafagia uwanja mara tatu, nikarudi sebuleni na kukuta maji bado ni machafu na mikono yangu bado haina ruhusa.

Alhamisi alikufa mmoja. Ijumaa akafa mwingine. Jumamosi hakufa yeyote, na sikuthubutu kusema.

Jumapili baba mdogo na shangazi walifika baada ya ibada. Shangazi alikuwa na furushi, na ndani yake gauni jipya la Bupe lenye maua ya zambarau. Niliwakaribisha viti mbele ya tangi. Samaki wanane walikuwa wameshuka kutoka juu na kuingia katikati ya mawe, na mmoja wa manjano alikuwa akibandua utelezi kwa mdomo kama mbuzi anavyokwangua gome. Baba mdogo alitazama kwa muda mrefu.

"Mbona maji yamechafuka?"

"Ndivyo yanavyotakiwa, baba."

"Juzi yalikuwa safi."

"Ndiyo. Ndiyo maana walikuwa wanakufa."

Alinitazama kama mtu anayepima homa. "Gwe mwana, sikuelewi."

"Hata mimi sielewi, baba. Lakini wanaishi."

Akageuka kumtazama shangazi, shangazi akatazama furushi lake. Samaki wa manjano akaendelea kukwangua. Baba mdogo akavaa kofia yake, akasema, "Basi. Kazi ipo," na hilo halikuzungumzwa tena. Shangazi aliliacha gauni. Bupe alilivaa jioni ile, akakaa kizingitini akitazama barabara, hakuongea na mtu. Niliamini ni furaha.

Biashara ile iliendelea miaka michache, kisha bosi akaachana nayo kama wengi wa wakati ule walioanza mengi na kumaliza machache. Kufikia hapo nilikuwa na genge langu la vitafunwa, na hakuna aliyekuja tena na furushi. Lusajo leo ana miti ya parachichi Kisondela, na kwa bodaboda anafika kwangu kabla chai haijapoa. Bupe ni fundi cherehani, nyumba yake naiona nikisimama mlangoni. Shule aliishia la saba, maana sikuwa na uwezo wa kumpeleka mbele. Mabinti wawili wa shangazi, waliokuwa rika lake kule Suma, ni walimu.

Siku hizi mwanangu akitaka kujua kwa nini samaki hufa baada ya dawa, anabonyeza simu na jibu linakuja pamoja na picha: bakteria, na majina yao. Kumbe ni kweli walikuwepo. Nilifurahi kuwaona, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu aliyemsaidia zamani asimwone sura. Nikamwita Bupe, malkia wa wavivu, aje awatazame hao aliowaokoa. Alitazama, akanirudishia simu, akasema jambo ambalo alikuwa amelihifadhi miaka yote hiyo.

"Sikuwa mvivu, dada. Nilikuwa naondoka. Kikapu nilikificha kwenye magugu, nikashika barabara ya Suma, kwa shangazi. Nilitaka kukaa na watoto wenzangu. Mvua ndiyo iliyonirudisha."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ya baba mdogo. Angesema neno moja tu. Akainua mabega. "Ulikuwa umefurahi sana na samaki wako."

Tangu hapo nalifikiria jambo hili kila upande na silimalizi. Tulibaki pamoja kwa sababu mmoja wetu alijaribu kwenda. Hilo hakuna simu inayonieleza, na baba mdogo, ambaye ningemuuliza, ameshatangulia. Tangi lile bado ninalo. Ndilo ninalowekea maandazi gengeni. Kila asubuhi nalisugua kwa sabuni na maji ya moto hadi kioo kinalia, na wateja wanasifu usafi wangu. Hakuna kinachoishi ndani yake. Bupe hupita kila siku kuelekea kazini, huchukua andazi moja bila kuomba, na mimi huacha ninachofanya nikamtazama mpaka afike kwenye kona ya barabara ya Suma, akate kulia, Suma aiache kushoto.